Chaja ya Ampia Nne

Gari liliguna mara mbili, mara ya tatu likatoa mlio mdogo wa tik, tik, kisha kimya. Mama Fundi hakugeuza ufunguo tena. Miaka thelathini na moja ya kuishi na mchaji betri ilikuwa imemfundisha kwamba mlio ule haubembelezwi. Ukishafika kwenye tik, umefika.

Kando yake, kwenye kiti cha abiria, mumewe alikaa tayari kwa safari: amenyolewa, amefungwa mkanda, shati limepigwa pasi, mkono wa kulia umelala mapajani pale pale mkewe alipoulaza. Kumtoa kitandani mpaka kwenye kile kiti kulichukua saa nzima na dakika ishirini. Kumrudisha kungechukua muda ule ule, na bila hata ile faida ya kufika mahali.

"Kesho," alisema Fundi.

Lilikuwa neno pekee ambalo kiharusi kilimwachia. Kwa nini hilo na si jingine, hata daktari hakujua. Majirani walikuwa na maelezo yao: mtu aliyewaambia wateja "kesho" tangu ujana wake, hata betri ikiwa tayari imejaa, asingekosa kubakiwa nalo. Sasa akitaka chai alisema kesho, akiona jua limemchoma alisema kesho, na akitaka chooni pia alisema kesho, na kesho hiyo ilikuwa haingojei. Mkewe aliyajua yote kwa sauti. Hili la sasa lilikuwa la amri. Mkono wa kushoto ulinyanyuka, kidole kikaelekea kwenye banda la mabati lililokuwa mwisho wa ua.

"Najua, Fundi," mkewe alisema. "Nitaangalia."

Alijua vizuri sana kidole kilikuwa kinaelekea kwenye nini. Mle bandani ndimo ilimokaa siku zote mashine ya kuchajia betri, sanduku la chuma la rangi ya kijani ambalo Fundi aliliunda kwa mikono yake mwenyewe kabla hawajazaa, na ambalo lilisomesha, likalisha, likalipa kodi. Asichojua Fundi ni kwamba mashine haikuwamo tena. Iliuzwa katika wiki ya pili ya ugonjwa, yeye akiwa wodini hajafumbua macho.

Mama Fundi alitoka mpaka getini kutafuta wa kusukuma gari. Mwanzoni walikuwa wanakuja wanne watano, kwa utani na kelele, wanasukuma mpaka linawaka. Lakini wema nao una mafuta yake, yanaisha. Siku hizi wakisikia tu gari linaguna, milango inafungwa. Jirani wa mkono wa kushoto alikuwa uani anaanika nguo, akachelewa kujificha.

"Ah, leo wanaume wote wameshatoka, Mama Fundi," alisema, macho kwenye vibanio vya nguo.

Ndani ya nyumba yake mwanamume alikohoa.

"Haya, asante," alisema Mama Fundi, akarudi ndani ya gari kupiga simu kituo cha mazoezi ya waliopata kiharusi.

"Mama, hii ni ya pili," dada wa mazoezi alimwambia, bila ukali. "Mkikosa ya tatu, nafasi anapewa mwingine. Si mimi, ndiyo utaratibu. Kuna watu kumi na tisa wanaisubiri. Na nilikwambia, maneno yakirudi yanarudi katika miezi sita ya kwanza. Mmebakiwa na mwezi na siku chache."

"Ijumaa tutakuja."

"Kwa gari lile lile?"

"Kwa gari lile lile."

Teksi hakuitaja. Ya mwisho waliyopanda, dereva alitaka kiti cha magurudumu kilipiwe kama abiria, na alipopokea hela akaapa kwamba hatambeba tena mtu wa kubebwa. Yote hayo aliyasema mbele ya Fundi, kama vile aliyepoteza maneno amepoteza na masikio.

*

Betri aliifungua mwenyewe, waya mweusi kwanza, mwekundu baadaye, akaipakia kwenye toroli na kuisukuma mpaka kwa Fundi Pancha, penye kona. Sasa mtaani hakuna mwingine aliyekuwa anachaji betri isipokuwa huyo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mziba matairi, na ndiye aliyeinunua mashine.

Aliiona kabla hajamwona mwenye karakana. Ilikuwa imesimama kivulini, inanguruma ile ngurumo yake nzito iliyokuwa inamlaza usingizi ujana wake wote. Kibanio chekundu bado kilikuwa kimefungwa kitambaa cha maua madogo madogo. Kitambaa hicho kilikuwa gauni lake, alilolivaa akiwa na mimba ya binti yao.

"Shikamoo, Mama Fundi! Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba. Anaendelea. Nina betri hapa, naitaka kabla ya Ijumaa asubuhi."

Fundi Pancha alijikuna kisogo kwa spana. Ukutani betri nane zilikuwa zimepangwa, kila moja na namba yake ya chaki. "Unaona mwenyewe, mama. Nane zimetangulia. Wewe wa tisa. Labda Jumamosi mchana."

"Ijumaa ndiyo siku yake ya mazoezi."

"Nakuelewa kabisa. Lakini nikikupitisha wewe, yule mwenye lori la mchanga atanila nyama."

Mteja mmoja aliyekaa juu ya tairi alicheka. "Kumbe hata kwa mchaji betri, betri hufa? Kweli mganga hajigangi!"

Wote walicheka, na Mama Fundi akacheka nao, maana kununa kungewafanya wamtazame zaidi. Kicheko kilipopungua alisema polepole, "Lakini mashine hii, unajua..."

"Mashine nililipa, mama." Fundi Pancha alishusha sauti ili wengine wasisikie, na huruma ile ndiyo ilimchoma. "Bei ulitaja wewe. Sikupunguza hata senti."

Ilikuwa kweli. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya alikuwa ameyamwaga mwenyewe, kwa mkono wake. Aligeuza toroli. Akiwa barabarani bado alisikia ile ngurumo nyuma yake, na aliichukia na kuitamani kwa pamoja.

*

Jumatano alimwachia mumewe redio, akamwomba jirani amchungulie, akaenda dukani kununua chaja. Kwenye pochi alikuwa na hela iliyobaki ya ile mashine baada ya hospitali kuchukua zake. Alikuwa ameifunga kwenye leso kwa miezi minne akisema ni ya dharura. Aliifungua leso huku akijiambia kwamba kama hii si dharura, basi neno lenyewe lifutwe.

Muuza spea alikuwa mtu wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, anahudumia watu watatu kwa mkupuo.

"Chaja ya betri," Mama Fundi alisema.

"Gari gani?"

"Dogo. La watu watano."

"Mzee yuko wapi? Mpigie simu niongee naye, mama. Haya mambo ya ampia yatakuchosha bure."

"Mzee haongei."

"Mmegombana?"

Wale wateja wengine walicheka. Mmoja akasema wake zetu wakinuniwa ndipo wanakumbuka dukani. Mama Fundi alingoja wamalize.

"Anaumwa," alisema.

"Oh. Pole sana, mama. Basi nikuchagulie mimi." Muuza spea alibeba kutoka rafuni sanduku kubwa jekundu lenye mishipi ya kubebea, akalitua mezani kwa kishindo. "Hii ni ampia thelathini. Saa moja tu betri imeamka, unawasha unaondoka. Akina mama wengi wanachukua hii, haina maswali."

Mama Fundi aliitazama bila kuigusa. "Na ile ndogo?"

"Ile nyeupe? Ile ina akili. Inajiwasha, inajizima, ina vitaa. Bei nusu ya hii. Ukiweka unaenda kulala."

"Betri ikiwa haina kitu kabisa, itaiona?"

"Itaiona vipi?"

"Mume wangu alikuwa anasema hizi zina majivuno. Zikikuta betri imeisha kabisa zinasema hapa hakuna betri, zinakataa kuanza. Unakaa unatazama taa nyekundu mpaka asubuhi."

Muuza spea alishusha miwani machoni, mara ya kwanza tangu Mama Fundi afike. "Baadhi," alikiri. "Si zote. Basi chukua kubwa, hiyo haikatai kitu."

"Kubwa itaichemsha. Betri yetu imeandikwa arobaini. Ukikata sifuri inabaki nne. Inataka ampia nne, usiku na mchana, polepole. Ukiishindilia thelathini, maji yanaruka, na sahani za ndani zinapinda. Itawaka leo, mwezi ujao utaniuzia betri mpya."

Yule wa wake zetu alijishughulisha na bisibisi zilizoning'inia.

"Nani amekufundisha?" muuza spea aliuliza.

"Hakunifundisha mtu. Nimefua nguo zake miaka thelathini na moja. Kila shati lilikuwa na tundu la asidi, na kila tundu lilikuwa na hadithi yake, lazima uisikilize."

Muuza spea aliingia nyuma, akakaa sana, akarudi na boksi la kahawia lisilo na picha yoyote, vumbi juu. Ndani mlikuwa na chuma kidogo cha kijivu, nyaya mbili, na mshale nyuma ya kioo. Hakikuwa na taa wala akili. Alikichomeka ukutani, akagusisha vibanio kwenye betri ya dukani, mshale ukaruka, ukatulia kwenye nne.

"Hivi hakuna anayeviulizia siku hizi," alisema. Kisha akataja bei, na ilikuwa kubwa kuliko ya ile nyeupe.

"Hakuna anayeviulizia, halafu bei imepanda?"

"Cha zamani mama, unajua. Kinadumu."

Waligombana kidogo, kwa heshima. Alipotoka, leso ilikuwa na nauli tu. Lakini alitembea akiwa amenyoosha mgongo. Alikuwa amechagua vizuri, mwenyewe, mbele ya wanaume wanne, na njia nzima alitamani kumwelezea mtu: vile alivyolikataa lile jekundu, vile miwani ilivyoshuka. Binti yao angemwambia hongera mama, akaulizia dawa. Mtu mmoja tu duniani angepiga paja kwa furaha, angemwambia hebu rudia hapo kwenye sifuri, na huyo ndiye aliyepaswa asijue kwamba chaja imenunuliwa.

*

Mpango wake ulikuwa kuificha jikoni. Aliiweka betri chini, karibu na dirisha, akaongeza maji yake, akabana waya mwekundu kwenye mwekundu na mweusi kwenye mweusi, kisha akachomeka. Mshale ulipanda mpaka nne. Chaja ikaanza kuimba kisauti chembamba, cha mbu aliyeko chumba cha pili. Alirudishia mlango.

Alichosahau ni sikio la Fundi. Ulimi ulikuwa umekwenda, mkono umekwenda, lakini sikio lililosikiliza betri maisha yake yote lilikuwa zima.

"Kesho?" ilitoka sebuleni.

"Nakuja!"

"Kesho?"

Alimkuta amegeuza kichwa kuelekea jikoni, uso umekunjamana. Fundi alionyesha mlango wa jikoni, akatikisa kichwa. Kisha kidole kikapita dirishani, kikaelekea uani, bandani.

"Ni kachaja kadogo nimekaazima," mkewe alisema. "Ile yako nzito, Fundi. Nani atanisaidia kuitoa? Majirani si unawaona wanavyojifungia."

"Kesho," alisema, akatikisa kichwa tena. Alimaanisha kwamba si lazima itolewe. Betri ndiyo ipelekwe kule. Alikuwa na haki, na mkewe alijua kwamba ana haki, maana hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya siku zote. "Kesho. Kesho!"

"Umeme wa kule umeharibika."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu hakuna kitu cha umeme katika ua ule ambacho Fundi asingekitengeneza kwa macho tu. Alishika gurudumu la kiti chake kwa mkono wa kushoto, akalisukuma kwa nguvu aende akaone mwenyewe. Lakini kiti cha kusukumwa kwa mkono mmoja hakiendi mbele. Kilizunguka. Akasukuma tena, kikazunguka tena, redio ikapita mbele yake, dirisha likapita, mkewe akapita. Mzunguko wa tatu goti lake liligonga meza, kikombe kikaanguka. Alikuwa anahema, na macho yalikuwa na maji.

Mama Fundi alisimama. Angeweza kumpeleka kitandani. Ilikuwa rahisi, kiti kilikuwa mikononi mwake, akisukume atakako. Daktari alisema mgonjwa asipewe habari za kumshtua, na binti yao alisema hivyo hivyo kwa simu, mama nakuomba usimwambie, presha itapanda. Miezi minne walimlinda kwa ushauri huo. Lakini hakuna aliyemwambia atafanyaje na mtu anayezunguka sebuleni kwake kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Alishika vipini vya nyuma, akakisukuma kiti nje. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa hatua kumi na nane. Alifungua kufuli, akavuta mlango wa bati.

Mwanga uliingia mpaka ukutani. Meza ya kazi ilikuwapo, nyaya zilikuwapo, chupa za maji ya betri zilikuwapo. Pale ilipokuwa mashine, saruji ilikuwa safi, ya mraba, imezungukwa na madoa ya asidi ya miaka yote.

"Nimeiuza," alisema nyuma ya kichwa chake, maana usoni hakuthubutu. "Wiki ya pili. Hospitali walitaka nusu ya hela kabla ya kukupiga picha ya kichwa. Sikuwa na kitu kingine cha kuuzika kwa siku moja. Anayo Fundi Pancha. Nilitaka kukwambia ukizinduka, daktari akakataa. Halafu kila siku nikawa nasema nitakwambia..." Hapo alikaribia kulitumia neno la mumewe, akalimeza.

Fundi aliutazama ule mraba. Alitazama muda ambao mtu angesoma barua ndefu. Mdomo ulifunguka, ukatafuta, ukafungwa. Hata lile neno moja halikutoka.

*

Alhamisi nzima halikutoka.

Mama Fundi alimpa chai, akanywa. Alimgeuza, akageuka. Alimwuliza kama anataka chooni, akanyanyua kidole. Miezi minne alikuwa amejihurumia kwamba anaishi na mume mwenye neno moja, kwamba anaongea peke yake kama kichaa, anajiuliza na kujijibu. Sasa ndipo alipogundua kwamba neno moja lilikuwa jingi. Lilikuwa na asubuhi yake na jioni yake, lilikuwa linampokea akirudi dukani. Nyumba isiyo nalo ilikuwa kubwa mno, akawa anatembea mle kwa ncha za vidole bila kujua anamhofia nani.

Binti alipiga simu saa kumi, kama kawaida ya Alhamisi.

"Mpe baba anisalimie."

Siku zote simu ikiwekwa sikioni, Fundi alisema kesho, na binti alicheka na kulia kwa pamoja. Mama Fundi aliisogeza simu. Fundi aligeuza uso akatazama ukuta.

"Amelala," alisema Mama Fundi.

"Saa kumi hii? Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mazoezi yanamchosha."

"Lakini si mlikosa Jumanne?"

"Ndiyo. Kukosa nako kunachosha."

Alipokata simu alikwenda jikoni kukaa na chaja. Mshale ulikuwa umeshuka mpaka mbili, dalili njema, betri inashiba. Aliinama akasikiliza: ndani, yale mapovu madogo yalikuwa yameanza. Fundi angesema bado kidogo, iache, usiikatishe mlo. Aliiacha. Mlango wa jikoni hakuufunga tena, lakini sebuleni hakuna aliyeuliza.

*

Ijumaa gari liliwaka mara ya kwanza tu ufunguo ulipogeuzwa. Liliwaka kwa nguvu, wazi, mpaka jirani wa kushoto akatoka kutazama. Mama Fundi alimgeukia mumewe kwa mazoea, mdomo tayari umeshaanza kucheka. Fundi alikuwa anatazama mbele.

Kituoni walifika dakika kumi kabla. Chumba cha mazoezi kilikuwa na wagonjwa wengine watatu na ndugu zao, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Dada wa mazoezi alianza na mkono, akaja kwenye mdomo, kisha akatoa kadi zake za picha.

"Hiki nini, mzee?" Kikombe. Kimya.

"Na hiki?" Ufunguo. Kimya.

Dada alimtazama Mama Fundi juu ya kadi. "Hata lile neno lake halisemi. Kuna kitu kimetokea nyumbani?"

"Hakuna," alisema Mama Fundi, akajiona jinsi uongo ulivyomzoea, unatoka bila kubisha hodi.

"Haya, tujaribu za vitendo." Dada alichagua kadi nyingine, akaisimamisha magotini kwa Fundi. Pichani mwanamke mwenye kitambaa kichwani alikuwa anampa mwanamume kapu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anapokea noti. "Huyu mama. Huyu mama amefanya nini?"

Fundi aliitazama ile picha. Shingo ilikaza. Midomo ikaanza kuhangaika, upande mmoja ukivuta mwingine.

"Ka..." alisema.

"Si kesho, mzee. Tazama. Mama amefanya nini?"

"Ka... u..." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mama Fundi alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. "Kauza."

Kadi ilianguka. "Umesema nini? Rudia! Rudia, mzee!"

"Kauza."

"Kauza! Ndiyo! Mama kauza!" Dada wa mazoezi alipiga makofi, ndugu wa wagonjwa wakapiga, hata mgonjwa aliyebakiwa na mkono mmoja mzima alipiga paja lake. "Neno jipya! Tena lina maana, tena mahali pake! Mama, unasikia? Umesikia?"

Fundi hakuiangalia kadi iliyoanguka. Mkono wa kushoto ulinyanyuka taratibu, ukawapita wote, kidole kikasimama kwa mkewe.

"Kauza," alisema.

"Anakuita usikie!" dada alisema kwa furaha. "Ona, anataka usikie!"

"Nimesikia," alisema Mama Fundi. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni.

"Lia, mama, lia tu. Umehangaika sana." Dada alimshika bega. "Sasa msiliache hili lipoe. Mkifika nyumbani arudie neno hili hili. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Ukae mbele yake, akutazame mdomo na macho. Sawa? Likikaa hili, mengine yatalifuata."

"Sawa," alisema.

*

Jioni alimaliza kuosha vyombo, akavuta kigoda, akakaa mbele ya kiti cha mumewe, magoti yao yakakaribia kugusana. Hakuwasha redio. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaikunja mapajani.

"Haya, Fundi. Mara kumi."

Fundi alimtazama. Tangu juzi bandani alikuwa hajamtazama usoni.

"Kauza."

"Moja," alisema mkewe.

"Kauza."

"Mbili."

La tatu lilikwama, likatoka nusu. Akamwambia rudia, hilo silihesabu, naye akarudia. La tano lilikuwa na hasira. La sita lilikuwa na hasira zaidi, likampiga usoni pamoja na mate, hakujifuta. La nane lilitetemeka, na hapo hakujua tena ni hasira au ni nini, lakini hakuacha kumtazama, maana hivyo ndivyo walivyoelekezwa.

"Kauza."

"Kumi," alisema Mama Fundi. "Umejitahidi. Pumzika." Alisimama akaenda kuchukua dawa ya jioni kabatini.

"Kauza," ilikuja nyuma yake, wazi kuliko zote.

Aliiacha chupa ya dawa pale pale. Alirudi, akakaa kwenye kigoda, akaunganisha magoti yake na ya mumewe.

"Kumi na moja," alisema.